Lindani imepotelea wapi? Kuchopoa viuatilifu vya zamani kwenye udongo na tope

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili, niko Mwanza. Napima mabaki ya viuatilifu vya zamani vya pamba kwenye udongo wa kando ya ghala la chama cha msingi, na kwenye tope la kijito kinachoingia Ziwa Victoria. Nachukua gramu 20 za sampuli mbichi, naichopoa kwa heksani kwenye Soxhlet (chombo cha kioo kinachochemsha kiyeyusho na kukidondoshea sampuli tena na tena ili kiitoe dawa) saa 16, naosha kwa asidi salfuriki kali, nakausha kwa naitrojeni, naongeza mililita 1 ya heksani, kisha naingiza kwenye kromatografu ya gesi yenye kitambuzi cha kunasa elektroni. Kwenye udongo niliouwekea kiasi ninachokijua, lindani imerudi asilimia 31, DDT asilimia 58, endosulfani haikurudi kabisa. Tope nalo linatoa kilele kimoja kama mlima, kinafunika nusu ya kromatogramu. Msimamizi wangu anasema tuombe fedha za mashine ya kuchopoa kwa shinikizo. Mwenzangu anasema nihamie QuEChERS, njia ya haraka ya kutikisa. Nifuate lipi? Na maji ya kijito nayafanyaje?

Jibu: Marahaba. Usiombe fedha bado. Namba zako tatu ni mbaya, lakini kila moja ni mbaya kwa namna yake, na hiyo ni bahati. Kama zote zingerudi asilimia 50 ningekuwa na kazi ya kubahatisha. Hivi zilivyo, lindani imepotelea mahali pake, DDT mahali pengine, na endosulfani haikupotea. Uliiua mwenyewe.

Tuanze na marehemu. Asidi salfuriki kali ni fundi mzuri wa usafi: unaitikisa pamoja na heksani yako, inageuka kahawia, halafu nyeusi, ikiwa imetafuna mafuta, rangi za mimea na takataka nyingine za udongo. DDT na ndugu zake DDE na DDD hawajali. Lindani na jamaa zake wa HCH hawajali. Ila endosulfani ina kiungo cha salfiti kwenye molekuli yake, na kiungo hicho hakihimili asidi hiyo. Dieldrini na endrini nazo zina kasoro yao, hazitoki salama. Kwa hiyo sifuri yako haihusiani na Soxhlet. Hata ungechopoa kwa mashine ya mamilioni, ukimaliza kwa kuosha na asidi ungepata sifuri ileile, safi kabisa.

Dawa yake ni kugawa. Kimiminika ulichokusanya kigawe mara mbili kwa kipimo. Nusu moja ipeleke kwenye asidi kwa ajili ya DDT na HCH. Nusu ya pili ipitishe kwenye Florisil, unga unaonasa uchafu na kuiachia dawa ishuke. Ukiwa na katriji za gramu 1, zilowanishe kwanza kwa heksani yenye asetoni asilimia 10, weka sampuli yako iliyo kwenye heksani tupu, kisha shusha kwa mililita 9 za mchanganyiko uleule wa 90 kwa 10. Ukitumia kolamu ya kujaza mwenyewe, Florisil iwe imekaa oveni nyuzi 130 usiku kucha, na ujaribu kwanza kwa standadi (dawa safi ya kiasi kinachojulikana) ili ujue endosulfani inashuka kwenye mililita ya ngapi, maana kila mkebe wa Florisil una tabia zake.

Na ukishaiokoa endosulfani, usiitafute peke yake. Vijidudu vya udongo huigeuza kuwa endosulfani salfeti, ambayo hukaa muda mrefu kuliko mama yake. Endosulfani iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kukomesha kemikali za sumu zinazodumu, mwaka 2011, kwa hiyo ghala ambalo halijaguswa miaka mingi linaweza kuwa na alfa kidogo, beta kidogo (maumbo mawili ya endosulfani yenyewe), na salfeti tele. Ukiandika kwenye tasnifu kwamba udongo ni safi kwa sababu hukuona alfa na beta, mtahini anayeijua kazi hii atakukalisha kitini muda mrefu. Standadi ya salfeti iagize pamoja na zile nyingine.

Lindani sasa. Umeandika neno moja ambalo nimelipigia mstari: "nakausha". Lindani huwa mvuke kwa urahisi zaidi ya mara mia kuliko DDT. Tone la mwisho la heksani likiondoka kwenye kitako cha mrija, lindani haina tena pa kujishikiza, na upepo wa naitrojeni unaipeperusha. DDT inabaki imeganda kwenye kioo, ukiongeza heksani inayeyuka. Ndiyo maana ya asilimia 31 kwa huyu na 58 kwa yule.

Mimi hili nililijua kwa njia ya aibu. Nilikuwa kijana kazini, nikaiacha mirija sita chini ya naitrojeni nikaenda kupokea simu. Niliporudi minne ilikuwa mikavu, ina pete nyeupe ya chumvi kwenye kitako. Niliongeza heksani nikanyamaza, nikidhani hakuna atakayejua. Kromatogramu ilinisema: vilele vya mwanzo vyote vimelala, vya mwisho vimesimama. Tangu siku hiyo mrija ukishafika mililita 2 sitoki.

Fanya hivi. Kwenye rotavepa, mashine ya kuvukiza kiyeyusho, maji ya beseni yasizidi nyuzi 40, na usimamishe ikibaki mililita 5 hivi. Kabla ya kuwasha naitrojeni, ongeza mililita 1 ya aisooktani. Hii inachemka karibu nyuzi 99, heksani karibu 69, kwa hiyo heksani ndiyo inayotangulia kuondoka, na aisooktani inabaki kuishikilia lindani. Upepo uwe wa kukunja tu uso wa kimiminika, kama unavyopuliza uji wa mtoto. Ukiona matone yanaruka ukutani, umezidisha. Shuka hadi mililita 1 na uache hapo hapo. Pima ujazo kwenye mrija wenye alama, usiukisie.

DDT ndiyo inayotuingiza kwenye uchopoaji wenyewe. Sampuli yako ni mbichi na kiyeyusho ni heksani tupu, na hivyo viwili havielewani. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania buti masika, una chembe ndogo mno zinazovimba zikinywa maji, na kila chembe imejivika utando wa maji. Heksani ikifika inateleza juu ya utando, inarudi kwenye flaski na kile tu ilichokikuta nje. Unaweza kuliona hili kwa macho. Ukishazima Soxhlet, toa kikombe cha selulosi, kipasue katikati. Ukikuta udongo umeshikana donge kama ugali wa jana, na ndani bado kuna unyevu, basi kiyeyusho hakikuingia humo. Saa 16 zote kilikuwa kinazunguka pembeni.

Hapo kuna mambo mawili, na yote mawili yanahitajika. Kwanza, maji yaondoke. Changanya gramu 20 za udongo na sodiamu salfeti kavu, iliyochomwa tanurini kwa nyuzi 400 saa 4 na kupoa ndani ya chombo kilichofungwa. Anza na gramu 20 za chumvi hiyo, saga kwenye kinu cha kauri, ongeza kidogo kidogo hadi mchanganyiko umwagike kama mchanga mkavu wa ufukweni. Tope la kijito linaweza kudai gramu 60. Utasikia kinu kinapata joto mkononi. Subiri kipoe, usage tena, kwa sababu chumvi ikinywa maji hugandamana, na ukiijaza kwenye kikombe mapema unapata tofali. Usiukaushe udongo kwenye oveni ya nyuzi 105. Oveni hiyo ni ya kupimia unyevu tu, kwa sehemu nyingine ya sampuli ambayo hutaichopoa. Wengine huanika sampuli kivulini juu ya foili kwa siku mbili tatu. Si vibaya kwa DDT, ingawa lindani itapungua kidogo, na chumba kiwe hakijapulizwa dawa ya mbu. Permethrini ina klorini, kitambuzi chako kitaiona, na wewe utaipa jina lisilo lake.

Pili, badili kiyeyusho: heksani na asetoni, nusu kwa nusu kwa ujazo. Asetoni ndiyo dalali hapa. Inasikilizana na maji, inasikilizana na heksani, kwa hiyo inaupenya utando na kuilegeza dawa kutoka kwenye mboji na chembe za mfinyanzi, halafu heksani inaibeba. Mchanganyiko huo unachemka karibu nyuzi 50, chini ya heksani peke yake na chini ya asetoni peke yake. Jambo hilo linakusaidia kwa upande mmoja, maana dawa haipikwi sana. Kwa upande mwingine linakudai kondensa yenye maji baridi kweli. Maji ya bomba ya mchana wa Mwanza hayatoshi kila siku. Ndoo ya maji yenye chupa za barafu na pampu ndogo ya tangi la samaki inafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani, na haikatiki maji yanapokatika.

Angalizo ambalo silirudii mara mbili kwa wanafunzi wangu: asetoni yote iondoke kabla ya asidi au Florisil. Kwenye asidi kali inachemka na kuweza kukurukia usoni. Kwenye Florisil inasukuma kila kitu kishuke kwa mara moja, uchafu pamoja na dawa, na hapo umesafisha nini? Kwenye rotavepa, ikibaki mililita 5, ongeza heksani mililita 50, vukiza tena, rudia mara moja.

Kuhusu zile saa 16. Chombo hiki alikibuni Franz von Soxhlet mwaka 1879 akipima mafuta ya maziwa, na hakijawahi kujali saa ngapi. Kinachofanya kazi ni idadi ya mara ambazo kikombe kimejaa na kumwagika. Mwongozo wa shirika la mazingira la Marekani unataka mizunguko 4 hadi 6 kwa saa, kwa saa 16 hadi 24, yaani mizunguko kuanzia 64. Kama hita yako ni hafifu na unapata mizunguko 2 kwa saa, saa 16 zako ni nusu ya kazi. Umeme ukikatika usiku usitupe sampuli. Andika mizunguko iliyokwisha, funga juu kwa foili, umeme ukirudi malizia iliyobaki. Mimi huhesabu mizunguko mitatu kwa saa ya mkononi mwanzoni, na mitatu kabla ya kwenda nyumbani.

Bado DDT ina mlango mmoja wa kutokea ambao hauko kwenye uchopoaji. Ingiza standadi ya p,p'-DDT peke yake kwenye kromatografu. Ukiona na DDE au DDD, basi mlango wa mashine ni mchafu na unaivunja DDT palepale kwenye joto. Ikivunjika zaidi ya asilimia 15, badilisha laina (mrija wa kioo wa mlangoni), kata sentimita kadhaa za mwanzo wa kolamu, ujaribu tena. Ukiruka hatua hii utaandika kwamba DDT ya ghalani imeshaoza na kuwa DDD, kumbe imeozea kwenye mashine yako asubuhi ileile.

Sasa usiniamini mimi. Nimekisia kwa kusoma barua, wewe una maabara. Tafuta penye tundu kwa kuweka standadi ileile kwenye hatua tofauti. Flaski ya kwanza: standadi kwenye mililita 1 ya aisooktani, moja kwa moja kwenye mashine. Ya pili: standadi kwenye mililita 250 za kiyeyusho safi, rotavepa, naitrojeni, mashine, hapo unapima uvukizi peke yake. Ya tatu: standadi kwenye heksani kidogo, pitisha kwenye asidi, na nyingine kwenye Florisil. Ya nne: standadi juu ya mchanga uliochomwa nyuzi 400, Soxhlet na hatua zote. Ya tano: standadi juu ya udongo wako mwenyewe, hatua zote. Tofauti kati ya ya nne na ya tano ndiyo udongo unaoshikilia. Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili ndiyo mkono wako kwenye naitrojeni. Hii ni kazi ya siku mbili, na itakuambia mengi kuliko Soxhlet ishirini za kubahatisha.

Na kuanzia sasa kila sampuli, hata ile tupu isiyo na udongo, iwekewe sarogeti mbili, yaani kemikali za kufuatilia upotevu, kabla ya kuanza: tetrakloro-meta-zailini na dekaklorobifenili. Ya kwanza ni nyepesi, inatoroka mahali lindani inapotorokea. Ya pili ni nzito, inatoka mwisho kabisa. Nyepesi ikirudi 40 na nzito 90, ulikausha. Zote mbili zikirudi 50, ulimwaga, ulikosea ujazo, au uchopoaji haukufanyika. Unapata ushahidi kwenye kila chupa bila kuongeza hata dakika tano.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu baada ya kurekebisha yote hayo utapata asilimia 90 na utafurahi, na furaha hiyo inaweza kukudanganya. Ile standadi uliyoidondoshea kwenye udongo jana imekaa juu ya chembe, kama vumbi juu ya meza. Ukipuliza inatoka. DDT iliyomwagika ghalani miaka 30 iliyopita imelowana na kukauka misimu sitini ya mvua na jua, imezama ndani ya mboji na ndani ya matundu madogo ya chembe. Heksani tupu ya dakika kumi inaweza kurudisha asilimia 95 ya standadi yako ya jana na kuacha sehemu kubwa ya DDT ya zamani ndani ya udongo. Ripoti itaonekana nzuri. Namba itakuwa ya uongo, na ya uongo upande mmoja tu: itakuwa ndogo siku zote.

Namna ya kujikamata ni rahisi ila ina gharama ya kiyeyusho. Udongo uleule uliokwisha kuchopolewa, usiutupe. Weka kiyeyusho kipya, uchopoe tena saa 16, pima. Kama mara ya pili inakupa asilimia 2 au 3 ya ile ya kwanza, ulikuwa umemaliza. Kama inakupa 15, hukumaliza, hata kama standadi ilirudi 98. Fanya hivi kwa sampuli tatu kati ya ulizonazo: moja yenye mboji nyingi, moja ya mfinyanzi, moja ya mchanga. Mkiweza kupata udongo rejea wenye cheti, wenye DDT iliyozeeka na kiasi kinachojulikana, nunueni huo kwanza kabla ya mashine yoyote. Mtapata na ripoti itakayosimama.

Kwa sababu hiyohiyo siwezi kukupeleka QuEChERS kwa kazi hii, ingawa naipenda. Ilitoka mwaka 2003 kwa ajili ya matunda na mboga: gramu 10 za sampuli, mililita 10 za asetonitrili, gramu 4 za magnesiamu salfeti, gramu 1 ya chumvi ya mezani, tikisa, zungusha kwenye mashine ya kutenganisha, umemaliza. Nyanya ina maji mengi na dawa yake ni ya wiki iliyopita. Udongo mkavu unabidi uurudishie maji kwanza, na mtikiso wa dakika moja haufiki ilikojificha DDT ya miaka. Ungekuwa unapima dawa za sasa kwenye bustani za mchicha ningekuambia hama leo. Beseni la mawimbi ya sauti nalo linaangukia hapo hapo: linafaa kwa kuchuja haraka sampuli ipi ina kitu na ipi haina, lakini usilipe kazi ya namba ya mwisho mpaka ulishindanishe na Soxhlet kwenye udongo wako.

Mashine ya shinikizo ni nzuri, msimamizi wako hajakosea. Inapasha kiyeyusho hadi nyuzi 100 kwa shinikizo linalokizuia kuchemka, na robo saa inafanya kazi ya usiku mzima kwa kiyeyusho kidogo. Ila haijui kusafisha, haijui kuvukiza, na asidi yako itaua endosulfani vilevile. Ina seli, vichujio na mipira ya kuzibia inayoagizwa nje, na mahali pengi nimeiona imefunikwa shuka kwa kukosa kipuri cha bei ya chakula cha mchana. Kama sampuli zako hazifiki 100, Soxhlet nne zinakutosha.

Lile jimlima la tope ni salfa. Ulipochota tope ulisikia harufu ya yai viza? Kwenye tope lisilo na hewa bakteria huigeuza salfeti kuwa salfaidi, na sehemu yake huishia kuwa salfa yenyewe, ile ya manjano. Inayeyuka kwenye viyeyusho vyako, inapita Florisil bila kuulizwa, asidi haiigusi, na kitambuzi cha kunasa elektroni kinaiona kwa fujo. Shaba ndiyo inayoikamata. Chukua waya wa shaba ulioukatakata au unga wake, osha kwa asidi naitriki iliyozimuliwa hadi ung'ae rangi ya senti mpya, suuza kwa maji safi, kisha asetoni, kisha heksani, utumie palepale kabla haujafubaa. Tumbukiza vipande kwenye kimiminika chako, tikisa. Vitageuka vyeusi mbele ya macho yako, kama meno ya mla tambuu. Toa, weka vipya, tikisa tena, hadi vipya vibaki vinang'aa. Tope lenye salfa nyingi hula raundi tatu nne. Wengine huweka shaba ndani ya flaski ya Soxhlet tangu mwanzo ikafanye kazi usiku, nami hufanya hivyo kwa tope la kijito. Usitumie shaba ukitafuta viuatilifu vya fosforasi, inaviharibu.

Kwenye tope hilo tarajia DDD kuliko DDE. Pasipo hewa DDT huelekea DDD; juu ardhini penye hewa huelekea DDE. Ukiona kijitoni DDT yenyewe imetawala, kuna kitu kinaingia bado, pengine mmomonyoko kutoka palepale ghalani. Na unapoandika kiasi, andika kwa uzito mkavu. Gramu 20 zenye maji asilimia 35 ni udongo gramu 13 tu. Mikrogramu 0.26 uliyoipata ni nanogramu 13 kwa gramu ya tope bichi, lakini 20 kwa gramu ya tope kavu. Bila hilo huwezi kulinganisha sampuli ya masika na ya kiangazi.

Maji ya kijito, kwa kifupi, kwa sababu DDT haipendi maji: ni mikrogramu chache tu kwa lita zinazoweza kuyeyuka, iliyobaki imepanda matope. Chota lita 1 kwenye chupa ya kioo cha kahawia, usiisuuze kwanza kwa maji ya kijito, jaza mara moja, weka kwenye barafu, uchopoe ndani ya siku 7. Njia ya faneli ya kutenganishia inatosha: mililita 60 za dikloromethani, tikisa, toa gesi, acha zitengane, shusha tabaka la chini, rudia mara tatu. Usimwage 180 kwa mkupuo ukidhani ni sawa. Kwa dawa inayopenda kiyeyusho mara 10 kuliko maji, mara tatu za 60 zinakupa karibu asilimia 76; 180 mara moja zinakupa 64. Likitokea povu zito katikati, na kwa maji ya ziwa yenye mwani litatokea, pitisha kwenye pamba ya kioo au ongeza chumvi. Chupa yenyewe isuuze kwa dikloromethani uimimine kwenye faneli, maana DDT hupenda kujibandika kwenye kioo. Endosulfani huvunjika kwenye maji yenye alkali, kwa hiyo pima pH ukiwa mtoni. Ikizidi 8, rekebisha hadi karibu na 7 kabla hujafunga chupa.

Mwisho ni jambo ulilolipita haraka kwenye swali lako: udongo wa ghala na tope la kijito kwenye vyombo vilevile. Kule Vikuge, Kibaha, ambako viuatilifu vilivyokwisha muda viliachwa kwenye banda, watafiti walikuta DDT ya kupimwa kwa asilimia ya uzito wa udongo, si kwa sehemu za milioni. Ghala lako huenda halijafika huko, lakini chembe moja ya udongo wa aina hiyo kwenye kiungo cha Soxhlet inatosha kuchafua tope la mwezi mzima. Chopoa maji kwanza, tope pili, udongo wa mbali na ghala tatu, wa mlangoni mwisho kabisa, na huo chukua gramu 1 tu na uzimue. Kila kundi liwe na sampuli tupu inayopita hatua zote. Vyombo vya ghala vipake alama ya rangi, vioshwe kwenye beseni lake, visirudi kabatini pamoja na vingine. Na ile chupa ya plastiki ya kunyunyizia heksani iliyoko mezani kwako, maana kila maabara inayo moja, itoe. Inatoa thaleti, kemikali za kulainisha plastiki, kila unapoibinya. Mimi vilele vyake nilivikimbiza wiki tatu nikidhani ni dawa mpya.